Zamu Yangu ya Beni

Mercredi, 8/3

Leo ni siku ya bamama, na mugongo inaniuma. Tangu asubuhi redio inatusifu: bamama ni nguzo, bamama ni hivi, bamama ni vile. Mimi nimeinama mu shamba nachimba mistari ya maharagi, na hakuna nguzo ingine yenye inainama na mimi. Bwana yangu Muyisa iko Manguredjipa juu ya zahabu, mwaka wa pili sasa. Mimi na batoto anatutumia salamu.

Cahier hii naandikia iko na pande mbili. Mbele ni ya mouvement, kundi letu la kudai amani. Mimi njo secrétaire, naandika PV, maneno yote ya mikutano, juu niko mwalimu wa mwaka wa ine na maandiko yangu inasomeka. Hawakunichagua juu ya akili, ni juu ya maandiko. Nyuma ni yangu mwenyewe. Mbele hakuna mahali pa kuandika mugongo.

Samedi, 11/3

Mukutano saa tisa kwa Josaphat. Banaume kumi na mbili, bamama tisa. Banaume walikaa juu ya viti, sisi juu ya mabidon ya maji na kwa ngazi ya mulango. Chai tulipika sisi. Josaphat, coordonnateur wetu, mukubwa wa mouvement, ni mutu muzuri, amefungwa mara mbili juu ya kusema kweli. Mais akianza kusema, chai inapoa na bado anasema.

Neno ni lile lile. Toka Beni mupaka Eringeti batu wanachinjwa, banajeshi njo wanatawala tangu ile hali ya hatari, état de siège, na kila posho, kila juma, tunazika. Kutembea mu barabara na bango imekatazwa. Donc tunaandika neno letu mu karatasi, tunagawa.

Kisha Séphora akasimama. Ana miaka makumi mbili na mbili, mutoto wa Lubero, analala kwangu tangu alikuja kusoma hapa Butembo, ananiita Yaya, dada mukubwa. Ana mwanya mu meno ya mbele, na akikasirika maneno yake inatoka na mupepo.

"Coordonnateur," akasema, "tuko bamama tisa hapa. Tunabeba karatasi, tunapika, tunapelekea bafungwa chakula. Mu coordination, kwa wenye kuamua, muko batu saba. Mwanamuke ni wangapi?"

Josaphat akacheka pole. "Dada, nyumba inaungua. Tuzime moto kwanza, vyumba tutagawa kisha."

"Sisi njo tunaleta maji," Séphora akasema.

Josaphat akaniangalia: "Secrétaire, ile hapana kuandika." Sikuandika. Naandika hapa.

Mwisho tukapitisha list ya zamu. Karatasi za Beni zinapelekwa na bamama, juu kwa barrière banajeshi hawatupekui sana. Lundi tarehe 13: Kasika. Ni mimi mwenyewe niliandika jina langu, hakuna mwingine mwenye alisoma. Lakini mvua iko karibu na mbegu yangu iko bado mu mufuko, na mbegu hapana kungoja révolution. Tulipofika nyumbani nikamuambia Séphora: "Mutoto, nisaidie. Enda mu nafasi yangu, mimi nipande. Zamu yako nitafanya mimi."

"Yaya Kasika, hakuna shida," akasema, na akaenda kuosha miguu.

Lundi, 13/3

Séphora ameondoka na pikipiki, moto ya saa kumi na mbili, karatasi chini ya sombe, majani ya muhogo, mu kikapo. Nimepanda mistari makumi ine. Saa nane mvua imekuja, mvua ya mbegu, pole pole. Nimefurahi kabisa, niseme kweli.

Mardi, 14/3

Hajarudi. Simu yake imezimwa.

Mercredi, 15/3

Mama mmoja muuza ndizi wa Beni amemupigia Josaphat. Lundi saa tano, sokoni, batu watatu wa uniforme walimuingiza Séphora mu gari. Karatasi zilibaki mu matope.

Josaphat alikuja hapa kwangu, hata kofia hakuvua. Akauliza: "Zamu ilikuwa ya nani?" Avocat, wakili wetu, alitaka kujua. Nikasema nitaangalia mu cahier, nitamupigia. Akaenda. Nikaangalia. Kasika, na wino ya bleu, maandiko muzuri.

Nikachukua wembe. Nimekwangua jina langu pole pole, vile tunakwangua kosa mu bulletin ya alama ya mwanafunzi, kisha nikaandika Séphora pale pale. Karatasi imebaki nyembamba. Ukiiweka mbele ya taa, inaonekana.

Sababu ni woga. Naogopa wenzangu, na zaidi namuogopa Mama Kavuo wa Lubero, mama yake, mwenye alinikabidhi mutoto na mukono wake na kuniambia: "Asome tu. Mambo ya kupiga makelele, hapana."

Vendredi, 17/3

Beni. Ofisi tatu. Ya kwanza ilinituma kwa ya pili. Ya pili ikasema: "Mutu huyu hatumujui." Ya tatu ni kambi, na kwa barrière yake kuna capitaine mmoja murefu, Léon, mutu wa Kasaï, macho mekundu kama ya mutu hajalala tangu mwaka jana. Akasema: "Mama, niko hapa miezi makumi mbili, sijaona batoto wangu. Ningekuwa na mutoto wa mutu, ningekuambia." Nilimuamini. Nilikuwa nimebeba bugali na maharagi ya Séphora mu sahani. Nikaiacha kwa mwanamuke mwenye anauza beignets, mandazi, pale kando ya barrière, nikamuambia ale yeye, isiharibike.

Mercredi, 22/3

Maharagi imeota. Yote. Hata ile mistari ya mwisho nilipanda mbio mbio.

Dimanche, 2/4

Siku ya Matawi. Padri ameombea bafungwa, bila jina. Mama Kavuo amenipigia simu na namba ya jirani. Alisikia habari kwa redio. Hakulia. Aliuliza neno moja tu: "Nani alimutuma Beni?"

Nikajibu: "Ni mouvement, mama."

Vendredi, 7/4

Mukutano. Communiqué ya ine ya kumudai Séphora. Josaphat aliisoma na sauti muzuri, mimi nikaandika. Banaume watatu hawakuja, na bamama wawili. Mmoja bwana yake amemuambia akienda tena asirudi nyumbani. Mvua inapita mu paa ya Josaphat sasa, tulisukuma mabidon huku na huku.

Bote walipoenda, Josaphat alibaki na mimi, nakusanya vikombe. Akasema: "Dada Kasika, ile list niliipitisha mimi. Ningemuambia yule mutoto abaki. Sasa silali." Zamani nilikuwa nawaza kwamba ni mutu wa kupenda sauti yake tu. Nikamuambia alale, ni mambo ya Mungu. Nikaosha vikombe vyote mara mbili.

Mercredi, 19/4

Nimepalilia. Hakuna kingine.

Lundi, 24/4

Leo Mukaka Kahongya amesema. Ni mama muzee kuliko sisi bote mu mouvement, juu ya ile tunamuita Mukaka, nyanya; anauza makala, makaa ya kupikia, sokoni, hajui kusoma, na mu mikutano analala. Nimetafuta mu PV zangu zote, hakuna neno lake hata moja.

Tulikuwa bamama sita hapa kwangu, tunachambua sombe. Nikasema nimechoka. Tumeandika, tumeenda kila ofisi, siku makumi ine na mbili, na hata kutembea imekatazwa.

"Kilio nayo imekatazwa?" Mukaka akauliza, bila kuinua kichwa.

Tukaacha sombe, tukamuangalia.

"Mutu akifa tunatandika mukeka, tunakaa chini. Nani kati yenu amewahi kuona mutu anaamshwa mu kilio? Hata adui anangoja. Sasa batu wa Eringeti wamekufa namna hii, kilio yao tulilia wapi? Twende tuwalilie kwa mulango ya wakubwa. Na pale pale tuwaulize mutoto wetu iko wapi."

Njo vile kweli kwetu. Kilio ikiwa mu kijiji, hakuna jembe inaenda shamba, na mwenye anapita lazima aketi kidogo. Nikamuuliza Mukaka kwa nini hakusema hii tangu mwezi wa tatu.

"Hamukuniuliza," akasema.

Jeudi, 27/4

Tulianza bamama sita, hapa hapa Butembo, mbele ya bureau kubwa ya muji. Tukavua viatu, tukatandika mikeka, tukafunga vitambaa. Mukaka Kahongya akaanza kulia, na haikukuwa mchezo. Alikuwa na dada upande wa Eringeti, hatukujua. Kila mwenye alipita na kikapo cha soko akasimama, akauliza, akaketi. Saa sita nilihesabu mia mbili, kisha nikaacha kuhesabu juu nilikuwa nalia mimi pia.

Josaphat alikuja na mégaphone. Mukaka akamushika mukono: "Mutoto wangu, mu kilio banaume wanakaa kando, kwa moto." Akaangalia mégaphone yake, akaiweka chini. Akatafuta kuni, akawasha moto, na siku yote alikuwa anatuletea chai bila neno. Ilikuwa na sukari mingi, lakini tulikunywa.

Mu kilio picha ni lazima. Batu wa kule, picha zao ziliungua na manyumba. Mimi nilikuwa na moja tu, ya Séphora, ile ya diplôme, mu cadre. Nikawaza: tuiweke, wakubwa wamuone, waone aibu. Nikatandika kitambaa cheupe juu ya kiti, nikaweka picha, na ua moja pembeni.

Hawakutugusa. Mukubwa mmoja alitoka, akasimama, akavua kofia, akarudi ndani. Mvua ilikuja saa tisa, hakuna mwenye aliamuka. Nimerudi na maji mupaka mu mifupa, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu nimemaliza sahani.

Vendredi, 28/4

Kwa masomo, asubuhi, mwalimu mwenzangu Maliro amenishika mikono miwili. "Pole sana juu ya Séphora."

"Asante. Tutamupata tu."

"Mutamuzika hapa ao Lubero?"

Nilisimama pale na chaki mu mukono. Kitambaa cheupe, picha, ua, bamama chini. Mutu gani wa Butembo hawezi kusoma ile? Mutoto wa mwaka wa kwanza anaisoma. Miaka kumi na saba nafundisha batu kusoma, na jana nikaandika vile mbele ya muji muzima. Napiga namba ya jirani wa Lubero tangu saa mbili, haipiti.

Samedi, 29/4

Mama Kavuo amefika saa ine asubuhi, juu ya camion ya viazi, na bamama wane wa kwao. Mu mufuko wake kulikuwa shuka nyeupe, mupya, bado na kunjo za duka.

Hakunisalimia. "Nionyeshe mwili," akasema.

Nikapiga magoti, nikamueleza. Hakuna mwili. Ni picha, ni mimi niliiweka vibaya. Alinisikiliza mupaka mwisho.

"Wewe Kasika, umemuona na macho kwamba ni muzima?"

"Hapana, mama."

"Basi haujui. Na mimi sijui. Twende kwa wenye kujua."

Josaphat akaingia kutoa pole. Mama Kavuo akainuka, kidole mu uso wake: "Wewe njo ulituma mutoto wangu."

Josaphat akainamisha kichwa. "Ni mimi, mama. Unisamehe."

Na mimi nilikuwa pale katikati yao, na kikombe cha chai mu mukono. Nilifungua kinywa. Nikauliza kama kuna mwenye anataka sukari.

Dimanche, 30/4

Naandika chini ya bâche, turubai, Beni, na taa ya simu. Lazima niandike yote kabla sijachoka zaidi.

Tulifika kwa kambi saa ine, sisi bamama saba: Mama Kavuo na bane wake, Mukaka Kahongya, na mimi. Capitaine Léon alikuwa pale pale kwa barrière.

"Mama, nilishasema. Mutu huyu hatuna."

"Siombi mutu," Mama Kavuo akasema. "Mutu mumesema hakuna. Naomba maiti."

"Maiti nayo hakuna."

"Basi nitaingoja."

Akatandika mukeka chini, juu ya kokoto, mbele ya ile muti ya barrière. Akaweka shuka nyeupe kando, picha juu yake, akakaa, akaanza. Sijawahi kusikia kilio kama ile. Alimuita Séphora na majina yake yote, akasema alizaliwa wakati wa kuvuna viazi, akasema namna alikuwa anatembea na ndugu yake mugongoni mupaka kwa masomo ya masista. Hakutukana mutu. Capitaine akasema, "Mama, telema," simama, na Lingala, mara mbili. Akaangalia askari wake. Hakuna mwenye alisogea. Mmoja, kijana kabisa, alikuwa ameshavua béret.

Kisha banawake wa kambi wakaanza kutoka. Ni bibi za askari, batu wa Équateur, wa Kinshasa, wa Kasaï, hawajui Kinande hata kidogo. Waliacha vyungu kwa moto, wakaja na vitambaa mu kichwa, wakaketi na sisi. Kilio ni kilio. Kando yangu akakaa yule muuza beignets. Jina lake Victorine, bwana yake ni sergent pale.

"Nani akufi?" akaniuliza pole. Nani amekufa?

Nikamuonyesha picha. Aliangalia muda murefu.

"Huyu wa mwanya?"

"Ndiyo."

"Huyu hajakufa," Victorine akasema. "Huyu asubuhi amekula beignets zangu mbili. Mimi njo napika kwa wale bafungwa wa nyuma." Akanitazama vizuri. "Na ile bugali yako ya mwezi wa tatu, yeye njo aliikula. Ulisema nile mimi, mais nilikuwa nimeshiba."

Hakusema na sauti kubwa. Lakini Mama Kavuo alinyamaza katikati ya neno, na bamama bote wakanyamaza, na Capitaine Léon akageuka. Victorine aliogopa. Hata hivyo akasimama.

"Mon capitaine, kulilia mutu muzima ni mubaya. Itarudia batoto wetu sisi bote hapa."

Capitaine akakaa juu ya bidon. Akavua kofia, akapanguza uso. "Mama," akamuambia Mama Kavuo, "mimi nilipewa amri."

"Na mimi nilizaa."

Akaingia ndani. Ikapita nusu saa. Kisha Séphora akatoka kati ya askari wawili, bila viatu, mu nguo ya mutu mwingine, anafunika macho juu ya jua. Mifupa tu. Mama Kavuo hakukimbia. Alimuangalia toka kichwa mupaka miguu, vile tunaangalia mutoto mwenye ametoka mu homa.

"Kaa," akamuambia.

Séphora akakaa juu ya mukeka.

"Ah, mama, hapana," capitaine akasema. "Umemuona, inatosha. Anarudi ndani mupaka wakubwa waseme."

"Amekaa mu kilio," Mama Kavuo akasema. "Nani atamuamsha?"

Capitaine akaangalia askari wake tena. Akaenda kupiga simu.

Lundi, 1/5

Tuko juu ya mukeka. Mvua.

Mardi, 2/5

Tuko hapa. Josaphat amekuja toka Butembo na kuni nyuma ya pikipiki. Amewasha moto kando, hajasema neno. Victorine ametuletea uji mara mbili, kisha bwana yake akamuita kwa nguvu, na hakurudi.

Mercredi, 3/5

Karatasi imefika saa tano: liberté provisoire, anaachiliwa kwa muda. Capitaine Léon aliisoma na sauti. Kisha akauliza kama sasa tunaweza kuamuka, juu vijana wake wanashindwa kula.

Mahali pa Victorine kwa barrière kulikuwa majivu tu. Niliuliza askari wawili. Mmoja akasema amesafiri, mwingine akasema hamujui.

Samedi, 13/5

Séphora iko kwangu, na mama yake. Hasemi. Kitanda anakataa, analala chini. Vijana wa mouvement wanakuja kupiga picha na yeye, Mama Kavuo anawafukuza na mufagio.

Leo mama amesema mukeka iko bado wazi juu ya mutoto wake. Mukeka ikitandikwa juu ya mutu muzima, mwenye aliitandika njo anaikunja, na ule mutu anaangalia. "Ya Butembo ilikuwa ya nani?" Ilikuwa yangu. Nikaitoa inje, nikaitandika, nikaikunja mbele ya Séphora kwa magoti. Aliangalia. Kisha akasema neno lake la kwanza kwangu:

"Yaya, ulipanda mistari ngapi?"

"Makumi ine."

"Ni muzuri," akasema, na akaingia ndani.

Jeudi, 25/5

Mvua inapunguka. Majani ya maharagi imekuwa manjano.

Samedi, 10/6

Tumeng'oa maharagi, sisi watatu. Mama Kavuo alikuwa mbali, kwa mustari wa mwisho. Séphora akasema bila kunitazama:

"Walikuwa wanauliza kila siku nani alinituma. Nikasema nilijituma. Hawakuamini, wakanipiga. Ningetaja jina, wangekuja hapa kukukamata."

"Ungetaja," nikasema.

"Wewe uko na batoto." Akang'oa shina lingine, akalipiga kwa mukono, udongo ukatoka. "Mais mama yangu anamuchukia Josaphat kila asubuhi, Yaya. Nachoka kusikia."

Hakuniambia nifanye nini. Ningependa angeniambia.

Vendredi, 16/6

Mukutano. Josaphat amependekeza mwanamuke mmoja mu coordination. Bamama wakasema watatu. Wakabishana saa mbili, vyumba bado havijagawanywa, itarudi mukutano ujao. Mukaka Kahongya hakulala leo, alisema mara tano na niliandika mara tano.

Kisha nikasimama. Secrétaire hasimamagi, bote wakaniangalia. Nikasoma PV ya tarehe 11 mwezi wa tatu, yote, na lile neno la maji nikalisoma pia, juu nilikuwa nimelirudisha mu nafasi yake. Nilipofika kwa zamu nikainua karatasi mbele ya dirisha, bote wakaona ule wembamba. Nikasema: "Hapa kulikuwa jina langu. Nilipeleka mutoto mu nafasi yangu ili nipande maharagi, kisha nikakwangua."

"Dada," Josaphat akasema, "nimebeba ile kosa miezi mitatu."

"Najua."

"Hapana. Haujui."

Ni kweli, sijui. Wameniondoa mu secrétariat, na ni haki. Sasa ni Mathe mwenye ataandika, na maandiko ya Mathe ni kuku amepita mu matope, watanikumbuka. Kabla ya kutoa cahier nimeandika mustari mmoja wa mwisho mbele: Lundi 19/6, Beni, Kasika. Nimepasua kurasa zangu za nyuma, nimekuja nazo.

Samedi, 17/6

Jua. Tumetandaza maharagi mu kiwanja, Mama Kavuo anapiga na fimbo, mimi napepeta. Nikamuambia. Sikuzunguka. Zamu ilikuwa yangu, Josaphat hakosi, na ile siku ya chai nilinyamaza.

Hakusimama. Alipiga maharagi. Nilingoja tusi, nilingoja hata fimbo, na ningeikubali. Alipiga mupaka maganda yote ikafunguka, akakusanya na mikono, akajaza kikapo, akakaa juu ya kiti kidogo. Séphora alikuwa kwa mulango, anatusikia.

"Lundi unaenda Beni," Mama Kavuo akasema.

"Ndiyo, mama. Karatasi, na kumutafuta yule Victorine."

"Batoto nitabaki nao. Na maharagi."

Nikasema asante. Nikamuuliza kama amenisamehe. Alichagua mawe mu kikapo, moja, mbili, akatupa.

"Ubebe mukeka," akasema.

Nimeifunga na kamba. Iko hapa kwa mulango.